Radhi ya Safari Isiyokuwepo

Msomaji mmoja wa Kigwa ameliandikia gazeti akisema kwamba mimi, Mwanahawa, nina roho ngumu, na kwamba Mungu ataniuliza juu ya mume wangu Lukumani. Ahsante, ndugu wa Kigwa. Umeandika mapema mno. Ungengoja makala yangu ya wiki hii, ungejua ni nani mwingine wa kuulizwa.

Kwa aliyenikuta njiani, nitaeleza kwa ufupi. Niliolewa na Lukumani, fundi bati wa hapa Gongoni, Tabora. Warina asali wa Kigwa na Isikizya walikuwa wakimfuata yeye kwa madebe, kwa sababu debe la Lukumani halikuvuja hata tone. Mwaka juzi, 1955, liliota donda kooni mwake, likaziba njia ya chakula. Hospitalini walimtoboa tumbo, wakamtia mpira, wakamrudisha nyumbani. Mara nne kwa siku nikawa namimina uji mwepesi kwenye mpira ule, kwa faneli ndogo ya bati aliyoitengeneza mwenyewe kutokana na kopo la maziwa, kabla mikono haijamlegea.

La pili la kukumbuka ni hili. Miaka saba kabla ya ugonjwa, nilipokuwa nimekwenda msibani Isikizya, Lukumani alimwoza binti yetu Zuena kwa mtu wa Ujiji bila kuniambia. Nilirudi nikakuta mkeka wake umekunjwa. Zuena akafia Ujiji kwenye uzazi wa kwanza. Siku ilipofika habari nilisimama uani, mbele ya majirani, nikasema kwamba Lukumani sitamridhia mpaka naingia kaburini.

Basi kwetu, mtu akihangaika kitandani miezi na miezi, hapati nafuu wala hafi, watu huulizana ni nani hajampa radhi. Kwa Lukumani hawakuhitaji kuulizana. Walinitazama mimi.

Wakaja kunibembeleza mmoja baada ya mwingine, nami nikawakatalia wote. Hapo ndipo nilipowaacha ninyi wasomaji wiki iliyopita, na hapo ndipo ndugu wa Kigwa alipochukua kalamu.

Sasa nitasema nililowaficha hata ninyi. Lukumani nilimsamehe zamani. Nilimsamehe mwaka ule ule wa pili wa msiba, nilipomkuta karakanani ameshika kikoroboi, kitaa cha bati alichomtengenezea Zuena utotoni, anakisugua kutu huku machozi yanamdondoka. Sikumwambia. Na alipougua nikasikia watu wanasema kuwa ni radhi yangu tu inayomshikilia, nikaufunga mdomo wangu kabisa. Kama kunyamaza kwangu ndiko kunakomzuia asife, nifumbue mdomo nina wazimu?

Huo ndio ugumu wa roho yangu. Nilikuwa namshikilia mume wangu kwa ulimi.

Jumatatu moja alikuja Tobias, dresa wa hospitali, kijana wa Kimoravian wa kule Ipuli. Alikuwa akija Jumatatu na Alhamisi kusafisha tumbo pale mpira ulipoingilia na kumpiga mgonjwa sindano ya maumivu. Alipomaliza aliniita uani.

"Mama, nikuambie jambo usinikasirikie."

"Sema."

"Mzee ameniomba nimpige sindano zote nilizo nazo kwa mara moja. Hii ni mara ya pili."

Nikakaa juu ya kinu. "Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia mimi nimefundishwa kupunguza maumivu, sikufundishwa kupunguza watu. Sitafanya, hata anilaani. Lakini mama, kuna hili la uji."

"Uji umefanya nini?"

"Daktari anasema donda limeshuka kifuani. Uji haumponyi tena, unamrefushia tu. Kuendelea au kuacha, anasema hilo ni lenu wenye mgonjwa. Yeye hataamuru wala hatalaumu."

"Na wewe, angekuwa mama yako?"

Tobias alifunga mkoba wake taratibu. "Ningemlisha huku nalia. Au ningeacha huku nalia. Kweli sijui, mama."

Nilimpenda kwa jibu lile. Wengine wote walikuwa wanajua.

Jioni ile nilijifunga ukaya kichwani nikaenda kwa Maalim, mwalimu wa chuo cha Kurani cha mtaani kwetu, aliyemfundisha Lukumani tangu alifu. Nikamwuliza, "Maalim, uji unaopita kwenye mpira ni dawa au ni chakula?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu dawa mgonjwa anaweza kuiacha akamwachia Mungu, hilo umetusomesha wewe. Lakini nikimnyima mtu chakula akafa, si nimemwua?"

Akafikiri. "Chakula hupita kinywani."

"Basi ni dawa."

"Ah, dawa haipikwi kwa mtama."

"Basi ni chakula."

"Mama Zuena, nipe siku mbili nitazame kitabuni."

Ni mwaka wa pili huu. Nadhani kitabu ni kinene.

Jumanne asubuhi aliingia wifi yangu Maua, dada mkubwa wa Lukumani. Siku zote Maua akiingia kwangu huanza na lawama. Siku ile alinikumbatia. Ningekuwa na akili ningeshtuka hapo hapo.

"Wifi, Mungu ametukumbuka," akasema. "Daktari amepata nafasi hospitali kubwa ya Dar es Salaam. Yuko Mzungu amekuja, kazi yake ni kukata madonda ya koo. Lukumani anapandishwa treni Alhamisi."

"Mbona Tobias hakuniambia? Jana tu alikuwa hapa."

"Tobias ni dresa. Mambo ya daktari na daktari mwenzake yatamfikiaje?"

Nikamkimbilia Lukumani kitandani. Sauti yake ilikuwa imekatika, akibakiwa na mnong'ono tu, mpaka umtegee sikio mdomoni. Nikamwuliza kama ni kweli. Akafumba macho, akakubali kwa kichwa.

Nililia kwa furaha mbele yao. Nilifua shuka zake mbili, nikachekecha unga wa uji wa njiani, nikaazima chupa ya chai kwa jirani ili uji usipoe kwenye treni. Mtu mzima mimi, nikawa naimba jikoni.

Maua akanifuata huko huko jikoni. "Wifi, safari hii ni ndefu, na kuna kisu mbele yake. Mtu hasafiri hivyo na kinyongo cha mkewe mgongoni. Mpe radhi ya safari."

Hapo niliwaza sana, lakini si muda mrefu. Nilikuwa nimeificha radhi ili asife. Sasa alikuwa anakwenda kupona. Kuificha tena kungemdhuru, kisu kingeteleza. Ndivyo nilivyoamini, na sioni aibu kusema, kwa sababu kila mtu Gongoni angeamini vile vile.

Jumatano baada ya alasiri, Maalim akakaa mkekani, Maua akasimama mlangoni, nami nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba Zuena," nikasema, "nimekusamehe la Zuena na mengine yote, duniani na akhera. Nenda salama. Na wewe uniridhie."

Alinishika mkono. Mkono ule ulikuwa mifupa mitupu, lakini alinishika hadi nikaumia. Akalia bila sauti. Akaninong'oneza, "Nimekuridhia. Umenipumzisha." Kisha akamtazama dada yake juu ya bega langu, akamtazama kwa muda, nami sikulitia maanani.

Nikamwuliza Maalim kama tunasoma dua ya safari. Maalim akainamisha kichwa akasoma, lakini alisoma haraka haraka bila kunitazama. Hilo nalo sikulitia maanani. Furaha inapofusha jamani.

Alhamisi alfajiri nilimlisha uji wake wa kwanza, nikaosha faneli, nikaitundika kwenye msumari wake. Maua akasema, "Kaulize hospitali uji wa njiani uwe mwepesi kiasi gani, na atalishwa mara ngapi. Mimi nitakaa naye. Usifanye haraka."

Nikaenda. Nilimkuta Tobias anaanika bendeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza habari ya uji wa kwenye treni."

"Treni ya nani?"

"Ya mzee. Safari ya leo, ya Dar es Salaam."

"Safari gani, mama?"

Nikamweleza yote, la Mzungu na la kisu. Tobias aliweka bendeji chini. Aliingia kwa daktari, akakaa humo kidogo, akatoka ameshika kofia mkononi.

"Mayu," akasema. Hakuwa amewahi kuniita mama kwa Kinyamwezi kabla ya siku ile. "Daktari hajui safari yoyote. Hakuna Mzungu wa madonda ya koo. Rudi nyumbani, nami nakuja nyuma yako."

Sijui nilipita njia ipi. Najua tu kwamba nilifika na kanga moja.

Mlangoni kwangu palikuwa pamejaa viatu. Udi ulikuwa unafuka. Ndani Maalim alikuwa anasoma Yasini, na wanawake watatu wa mtaani wamekaa chini wamejitanda. Maua akasimama akaniziba njia.

"Taratibu, wifi."

"Amekufa?"

"Bado. Anakwenda kwa amani. Usimsumbue."

"Safari iko wapi, Maua?"

Akarudishia mlango nyuma yake.

"Nimekuuliza, treni iko wapi? Shuka nimemfulia nani? Chupa nimeazima ya nini?"

"Wifi, ulikuwa umemfunga. Mtu ameoza yu hai, nawe umekalia radhi yake. Ningefanyaje?"

Nilimsukuma nikaingia. Lukumani alikuwa amelala chali, macho amefumba, kifua kinapanda na kushuka. Anapumua. Uji wa saa nne ulikuwa umempita. Nikainua mkono kwenye msumari kuchukua faneli.

Msumari ulikuwa mtupu.

"Faneli iko wapi?"

Maalim akakatiza kisomo. Wanawake wakatazamana.

"Maua, faneli ya mume wangu umeipeleka wapi? Umeniibia radhi, sasa unaniibia na faneli? Unataka kumwua ndugu yako kwa njaa, halafu unasoma Yasini?"

"Sikuiiba," Maua akasema. "Aliniomba nimpe, nikampa. Nilidhani anataka kuishika tu."

Nikapekua shuka. Nikapekua chini ya mto, mkono wangu ukagusa bati.

Ilikuwa imebanwa ikawa bapa, haipitishi hata maji. Nilitaka kupiga kelele kwamba Maua ndiye aliyeiponda. Lakini niliigeuza mkononi, nikaona kingo zake. Zilikuwa zimekunjwa ndani mara mbili, pande zote, kukunja kwa mtu asiyetaka bati limkate mwenzake mkono. Miaka ishirini na mbili nimemshikia Lukumani mabati. Hakuna mtu mwingine Tabora anayekunja hivyo.

Aliibana mwenyewe kwenye ukingo wa kitanda, asubuhi nzima, kwa vidole vile vya mifupa, mimi nikiwa njiani kumtafutia uji wa treni.

Maua akaanza kulia. "Mimi nilitumwa, wifi. Alinishika mkono akaniapisha. Alisema yeye akikuomba utakataa, lakini ukidanganywa utatoa. Habari ya treni ni yake. Mzungu wa koo ni wake. Mimi ningeyajua wapi hayo?"

Nikamgeukia Maalim. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua jana, kabla ya alasiri," akasema. "Mgonjwa alikuwa ananiomba kwa machozi, binti yangu. Sikuweza kumvunja moyo."

"Kwangu mimi uliweza."

Akafunga msahafu.

Nitasema wazi jinsi nilivyojisikia, kwa sababu ndiyo maana naandika. Zuena aliponyang'anywa kwangu kwa siri, niliumia kama mama. Lakini siku ile niliumia pabaya zaidi. Mtu yule yule, kwa njia ile ile, kwa kungoja nitoke nyumbani kwanza halafu akakata shauri nyuma ya mgongo wangu, alikuwa ameniozesha ujane. Na safari hii alihakikisha nimemsamehe kabla hajanikosea.

Nikainama sikioni kwake. "Baba Zuena, unanisikia?"

Akafumbua macho. Yalikuwa safi kabisa, hayana usingizi.

"Umenidanganya."

"Ndiyo."

"Mara ya pili."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniomba?"

Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kupata maneno. "Ningekuomba ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Basi."

Ile "basi" ilinipandisha hasira ambayo sijawahi kuijua. Nilisimama katikati ya chumba. "Maalim, na wote mlioko hapa, sikieni. Radhi niliyoitoa jana niliitoa kwa safari, na safari haikuwepo. Nairudisha kwangu."

Mwanamke mmoja akashika kinywa. Maua akaniangukia miguuni akisema, "Usifanye hivyo, wifi, atateseka."

"Maalim, inarudi au hairudi?"

Maalim akaugusa msahafu. "Hili nalo," akasema, "sijapata kuliona kitabuni."

"Basi imerudi," nikasema, nikatoka.

Nilikwenda karakanani. Palikuwa na vumbi la miezi. Nikavaa aproni yake ya kazi, koleo lake likiwa bado mfukoni, nikachukua kopo la maziwa, mkasi wa bati na nyundo. Nikapuliza makaa mpaka chuma cha kulehemia kikawa chekundu. Sikuwahi kutengeneza kitu peke yangu. Kazi yangu ilikuwa kushika na kupuliza. Lakini macho yalikuwa yameona mengi. Nikakata, nikakunja, nikagonga. Nyumba yote ilinisikia nikigonga, na yeye alinisikia. Kila pigo nilikuwa namwambia kwamba sijatoa ruhusa.

Nilijikata vidole viwili. Nilipomaliza ilikuwa faneli ya kuchekesha, imepinda shingo, lakini ilikuwa faneli. Nikachukua uji, nikarudi ndani.

Tobias alikuwa amefika, amesimama mguuni pa kitanda na mkoba wake. Maalim amekaa. Maua ukutani. Hakuna aliyenizuia. Walinipisha, na huko kunipisha kuliniogopesha kuliko kama wangenishika.

Nikachomeka faneli kwenye mpira. Mkono wangu wa kulia ulishika kikombe cha uji. Nilipotaka kumimina, Lukumani aliinua kidole.

Nikangoja.

Aliichomoa faneli taratibu, akaishika mbele ya macho yake. Akaigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, kutoka juu hadi chini, kama alivyokuwa akipitisha kwenye kila debe kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Katikati ya mshono kidole kikasimama.

"Inavuja," akanong'ona.

"Itanitosha."

"Inavuja, Mama Zuena."

Aliona damu yangu kwenye ukingo wa bati. Akanitazama vidole, akanitazama uso, na midomo yake ikafanya jambo ambalo nilikuwa sijaliona tangu mwaka uliotangulia. Karibu alitabasamu. Kisha akaninyooshea kiganja.

"Koleo," akasema.

Maua akageuza uso ukutani. Tobias akaniangalia, lakini hakutingisha kichwa upande wowote. Kwa koleo lile mume wangu angeweza kuukaza mshono ule kwa mkunjo mmoja tu, nikamlisha. Na kwa koleo lile lile, kwa nguvu zile zile, angeweza kuiponda faneli yangu mbele yangu, asinidanganye tena.

Koleo lilikuwa mfukoni mwa aproni yake ya kazi, niliyokuwa bado nimeivaa. Nililitoa. Nilitaka kumwuliza atafanya lipi, na nilijua kwamba nikiuliza atanijibu kweli.

Sikumwuliza. Nilimwekea koleo kiganjani, nikashika ncha ya pili ya bati, kama nilivyomshikia miaka yote.